Wodi ya Majeruhi Ni Chujio: Namna ya Kusoma Takwimu za Kuumia Zinazotoka Hospitali

Ukiingia wodi ya mifupa ya hospitali kubwa nchini Tanzania saa ya kuona wagonjwa, picha haibadiliki sana. Vijana wa kiume wamejaa, mmoja mguu uko kwenye hogo, mwingine mguu unavutwa kwa kamba yenye uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda. Pembeni amekaa mama au mke na hotpoti ya chakula. Uliza kilichotokea, na jibu litakuja kwa neno moja: bodaboda.

Mdogo wangu alilala kwenye wodi ya namna hiyo kwa wiki saba. Kila jioni nilipompelekea chakula nilikuwa nahesabu vitanda, nikatoka na jibu ambalo karibu kila mtu hutoka nalo, kwamba pikipiki ndiyo inayotumaliza, basi. Jibu hilo si la uongo. Ila lina matundu, na ilinichukua muda kuyaona. Wako wapi wanawake? Wako wapi wazee walioteleza bafuni? Wako wapi wale waliofia palepale barabarani? Takwimu za hospitali ndizo zinazoamua fedha ziende wapi, sheria ibane wapi na lawama imwangukie nani. Kwa hiyo inafaa tujue zinavyopatikana kabla ya kuzinukuu.

Nishati na ramani yake

Tuanze na jeraha lenyewe. Kwa daktari, mtu ameumia pale nishati inapoingia mwilini kwa wingi au kwa ghafla kuliko viungo vinavyoweza kuhimili. Nishati ya mwendo huvunja mfupa, ya joto huunguza ngozi, ya umeme husimamisha moyo. Daktari Mmarekani William Haddon, aliyewekwa mwaka 1966 kuongoza chombo kipya cha serikali ya nchi yake cha usalama wa barabarani, aliling'ang'ania wazo hili maisha yake yote ya kazi. Lifikirie kama malaria: mbu hubeba vimelea, pikipiki hubeba nishati. Hakuna anayemwambia mgonjwa wa malaria kwamba angekuwa makini asingeumwa. Tunatafuta chandarua.

Nishati ya mwendo ina tabia moja ambayo macho hayaioni. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Pikipiki iliyo kwenye kilomita 60 kwa saa haina hatari mara mbili ya ile ya kilomita 30, bali inabeba mzigo mara nne, na mzigo huo lazima uishie mahali: kwenye chuma, kwenye lami au kwenye mwili wa mtu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia 4.

Na kwa kuwa nishati hupita njia maalumu, majeraha nayo yana ramani. Dereva wa pikipiki akigongwa ubavuni, mguu ndio unaobanwa katikati. Jipapase ugoko: upande wa mbele hapana nyama, ni ngozi juu ya mfupa. Mfupa huo ukikatika hutoboa ngozi kwa urahisi, na uchafu wa barabara unaingia. Hapo huvunjika mguu, na papo hapo huanza mbio dhidi ya wadudu wa maambukizi. Antibiotiki ikichelewa na kidonda kisiposafishwa vizuri, mgonjwa wa miezi michache anaweza kuwa mgonjwa wa miaka.

Mtu mzima anayevuka barabara hugongwa na bampa miguuni, kisha mwili unalala juu ya boneti na kichwa kinakutana na kioo. Mtoto wa miaka sita, bampa ileile inamkuta pajani au kiunoni, na boneti inampiga kifuani. Aliyeanguka kutoka juu ya mnazi au mwembe akatua kwa miguu, nguvu huanzia kisiginoni ikapanda hadi mgongoni. Daktari mzoefu atambonyeza mgongo hata kama yeye analia kisigino tu. Bibi aliyeteleza akatanguliza kiganja huvunjika karibu na kifundo cha mkono, kwa umbo ambalo daktari wa Dublin, Abraham Colles, alilieleza kwa ufasaha mwaka 1814, miaka 81 kabla picha ya eksirei haijagunduliwa. Alilisoma kwa macho na vidole tu.

Kuungua pia kuna ramani. Mtoto aliyevuta sufuria ya uji huungua usoni, shingoni, kifuani na kwenye mkono ule uliovuta. Mwenye kifafa aliyeangukia jiko la kuni huungua sehemu ndogo lakini kwa kina cha kutisha, kwa sababu wakati huo hawezi kujiondoa. Lakini mtoto aliyeungua miguu yote miwili, mpaka wa kidonda ukiwa umenyooka kama mdomo wa soksi, humfanya daktari aulize maswali mengine kabisa. Maji yaliyomwagika hayachori mstari ulionyooka.

Nani anafika, nani hafiki

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni tu, kwamba wilaya moja ina watu 1,000 walioumia mwezi mmoja. Kati yao 600 wameanguka, 250 wameumia kwa pikipiki na 150 wameungua. Walioanguka wengi wanajikanda maji ya moto nyumbani, kwa hiyo mmoja kati ya kumi ndiye anayelazwa: watu 60. Wa pikipiki wameumia vibaya zaidi, wanalazwa wanne kati ya kumi: watu 100. Walioungua wanalazwa watatu kati ya kumi: watu 45. Wodini kuna majeruhi 205, na karibu nusu yao ni wa pikipiki. Gazeti litaandika kwamba nusu ya majeruhi wa wilaya wanatokana na bodaboda. Mtaani walikuwa robo tu.

Hakuna aliyedanganya. Muuguzi kahesabu sawasawa na mwandishi kanukuu sawasawa. Kosa liko katika kudhani kwamba wodi ni dirisha la kutazamia mtaani, wakati wodi ni chujio. Mtakwimu Joseph Berkson wa Kliniki ya Mayo, Marekani, alilionyesha tatizo hili kwa hesabu mwaka 1946: ukichunguza waliolazwa peke yao, unaweza kuona uhusiano kati ya mambo mawili ambao nje ya hospitali haupo kabisa, kwa sababu tu mambo hayo yote mawili humfanya mtu alazwe.

Chujio la kwanza ni kifo. Mwaka 1983 daktari wa upasuaji Donald Trunkey alieleza kwamba vifo vya majeruhi huja kwa mawimbi matatu. La kwanza ni la sekunde na dakika, ubongo umepasuka au mshipa mkubwa wa damu umekatika. La pili ni la saa chache, damu inavuja tumboni au inajikusanya ndani ya fuvu. La tatu huja baada ya siku na wiki, kwa maambukizi na viungo kushindwa kazi. Wodi hailioni wimbi la kwanza, hilo liko mochwari. Na mahali ambapo majeruhi hufika hospitali kwa bajaji, kwa gari la polisi au kwa pikipiki nyingine, sehemu ya wimbi la pili nayo huishia njiani.

Kutokana na hilo hutokea jambo la ajabu. Hospitali ambayo majeruhi wake wanasafiri mbali na kwa shida inaweza kuonyesha vifo vichache wodini kuliko hospitali ya mjini yenye gari la wagonjwa. Waliokuwa mahututi hawakufika. Siku magari ya wagonjwa yakiongezeka, vifo vya wodini vinaweza kupanda kwanza, na mtu asiyejua atasema huduma imeharibika.

Chujio la pili ni karatasi. Tanzania, mtu aliyeumia kwa ajali au kwa kupigwa anahitaji fomu ya polisi namba tatu, ile PF3 inayojulikana na kila mtu. Aliye mahututi anapaswa kutibiwa kwanza, karatasi ifuate, lakini familia nyingi bado zinaamini safari lazima ianzie kituoni, na saa moja inayopotea pale haina fidia. Kisha kuna wale wasiotaka kuonana na polisi hata kidogo: aliyekuwa anaendesha bila leseni, aliyekatwa panga katika ugomvi wa kilabuni. Hao hununua dawa duka la jirani na kufungwa kitambaa.

La tatu ni fundi wa kuunga mifupa. Sina nia ya kuwabeza, wamo wenye mikono mizuri kwa mfupa uliovunjika bila kidonda, na kwa wengi ndio walio karibu na ndio wanaokubali kulipwa kidogokidogo. Shida ni banzi linalofungwa likakaza mno. Damu haipiti, vidole vinakuwa baridi, kisha vyeusi. Mgonjwa huyo atafika hospitali wiki mbili baadaye, na daftari litamwandika kama mtu wa kukatwa mguu. Mahali popote halitasema kwamba alianguka kutoka kwenye mwembe akavunjika mfupa mmoja tu.

Chujio la nne linaniuma kuliko yote. Katika tafiti nyingi za hospitali za Afrika Mashariki, wanaume majeruhi huwa mara mbili ya wanawake au zaidi. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya kweli, kwani wanaume ndio wengi barabarani, migodini na kwenye ujenzi. Lakini fikiria mwanamke amefika mapokezi na jicho limevimba, mume kasimama nyuma yake, na muuguzi anauliza kwa sauti mbele ya foleni nzima, "Umefanyaje?" Atajibu ameanguka. Daftari litaandika ameanguka. Takwimu ya mwisho wa mwaka itakuwa na mtu mmoja zaidi aliyeanguka, na ukatili wa majumbani utapungua kwa mtu mmoja.

Ongeza kwamba hospitali za rufaa kama MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi hupokea walioshindikana kwingine. Sura ya majeruhi wao si sura ya nchi.

Kihatarishi na lawama

Watafiti huandika kwamba wamepata "vihatarishi": umri wa ujana, jinsia ya kiume, pombe, kutovaa kofia ngumu. Neno hilo lina maana finyu kuliko tunavyolitumia. Kihatarishi ni kitu kinachoonekana zaidi kwa walioumia kuliko kwa wasioumia. Kwa hiyo bila kundi la wasioumia huna kihatarishi, una maelezo tu ya waliolala kitandani.

Chukua pombe. Nikikwambia theluthi ya majeruhi wa usiku walikuwa wamekunywa, umejifunza nini? Hujajifunza chochote bado. Ikiwa theluthi ya watu wote waliokuwa barabarani usiku ule walikuwa wamekunywa, pombe haikuongeza kitu. Ikiwa ni mmoja kati ya ishirini, pombe ina kesi ya kujibu. Robert Borkenstein, aliyebuni kipima pumzi cha walevi mwaka 1954, alilielewa hili. Katika mji wa Grand Rapids, Michigan, yeye na wenzake waliwapima madereva waliopata ajali, kisha wakarudi mahali palepale, siku na saa zinazofanana, wakawapima madereva waliokuwa wanapita salama. Ripoti yao ya mwaka 1964 ndiyo iliyoonyesha bila ubishi kwamba hatari hupanda kadiri pombe inavyozidi kwenye damu. Nguvu ya kazi ile ilitoka kwa wale waliopita salama, watu ambao hospitali haiwaoni kamwe.

Kofia ngumu ina mtego wake, na huu nauona ni wa hatari zaidi. Dereva aliyevaa kofia akaanguka bila kuumia kichwa amekwenda nyumbani. Ambaye hakuvaa akapasuka fuvu yuko mochwari. Wodini umebaki na walio katikati, na ukiwalinganisha hao kwa hao unaweza kuona kofia haina msaada mkubwa. Tafiti zilizopangwa kukwepa mtego huo, zikijumlishwa pamoja, zinaonyesha kofia hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69 na ya kufa kwa takriban asilimia 42. Vietnam iliwalazimisha wote, dereva na abiria, kuanzia tarehe 15 Desemba 2007. Uvaaji ulipita asilimia 90 katika muda mfupi, na katika hospitali zilizofuatiliwa hatari ya majeraha ya kichwa ya barabarani ilishuka kwa asilimia 16 ndani ya miezi mitatu.

Kwetu sheria ipo pia. Lakini abiria anasita kuvaa kofia iliyovaliwa na watu kumi tangu asubuhi, dada ametoka saluni, na kofia ni moja wakati waliopakiwa ni mishikaki ya watu watatu. Hizo ni sababu za kweli za watu wenye akili timamu, na zinahitaji majibu ya kweli: kofia nafuu, kitambaa cha ndani cha kubadilisha, askari anayesimamisha kila siku na si wiki ya nenda kwa usalama peke yake.

Hapa narudi kwa Haddon. Alichora jedwali la visanduku tisa. Upande mmoja: kabla ya tukio, wakati wa tukio, baada ya tukio. Upande wa pili: mtu, chombo, mazingira. Jaza kisa cha kijana mmoja wa bodaboda. Kabla: hajapita chuo cha udereva, amefundishwa na rafiki uwanjani, pikipiki si yake, lazima apeleke hesabu kwa bosi jioni, na leo hesabu haijatimia, kwa hiyo yuko barabarani saa tano usiku akiwa amechoka, taa ya mbele ni dhaifu, barabara haina bega wala taa. Wakati wa tukio: kofia haina kamba, lori limesimama bila alama ya kuakisi, mwendo ni mkubwa kwa sababu barabara imenyooka na haina tuta. Baada: wasamaria wamembeba mzobemzobe, mmoja mikono mwingine miguu, shingo inaning'inia, kituo cha kwanza hakina damu.

Ripoti itaandika "uzembe wa dereva". Hicho ni kisanduku kimoja, na pengine nusu ya kisanduku. Vile vingine vinane vina wamiliki wao: bosi wa pikipiki, wakala wa barabara, mwenye lori, hospitali, mimi na wewe tunaombeba majeruhi. Tukimtupia yeye lawama zote, vinane vinabaki kama vilivyo vikimsubiri kijana anayefuata.

Na baadhi ya visanduku ni rahisi kujazwa. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti wa CRASH-2, uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40. Dawa ya zamani na ya bei nafuu ya kuzuia damu kuvuja, asidi ya traneksamiki, ilipunguza vifo ilipotolewa mapema. Baada ya saa tatu haikusaidia, na ilionekana kudhuru. Saa tatu. Linganisha na safari inayoanzia kituo cha polisi.

Daftari na safu inayokosekana

Mfumo wa kimataifa wa kuainisha magonjwa, toleo la kumi, una sura mbili kwa ajili ya majeruhi. Moja inasema nini kimevunjika: S72 ni mfupa wa paja. Nyingine inasema kimevunjwa na nini: V20 hadi V29 ni mpanda pikipiki, W14 ni kuanguka kutoka juu ya mti, X10 ni kuungua kwa kinywaji au chakula cha moto. Ya kwanza humsaidia daktari aliye zamu. Ya pili humsaidia mtu ambaye hajaumia bado. Katika madaftari mengi ya wodi safu ya kwanza imejazwa na ya pili haipo, au ina herufi tatu tu, RTA, yaani ajali ya barabarani, bila kusema kama aliyeumia alikuwa anatembea kwa miguu, anaendesha au amepakiwa.

Visingizio vya uhaba wa vifaa vina jibu. Uganda, daktari wa upasuaji Olive Kobusingye na wenzake walitengeneza miaka ya 1990 kipimo cha uzito wa majeraha kinachojulikana kama Kampala Trauma Score, yaani Alama ya Majeraha ya Kampala. Kinahitaji mambo matano: umri, presha, idadi ya pumzi kwa dakika, hali ya fahamu na idadi ya majeraha makubwa. Hakihitaji CT skani. Muuguzi mmoja, kipima presha, saa na kalamu vinatosha, na ukiwa nacho unaweza kulinganisha hospitali mbili bila kudhulumu ile inayopokea walioumia zaidi.

Kuna chujio moja sijalitaja, la mlango wa kutokea. Mdogo wangu alipotoka, faili lake liliandikwa ameruhusiwa, hali nzuri. Mfupa ulikuwa umeunga kweli. Umeunga ukiwa mfupi kidogo, anachechemea, na ufundi wa paa aliokuwa akiufanya kabla ya ajali ameuacha kwa sababu hawezi tena kusimama kwenye ngazi. Mtoto wake mkubwa alihamishwa shule muhula uliofuata. Katika daftari la mwaka ule yeye ni kitanda kimoja kilichopona.